Siku Bibi Alipopooza Ngano ya Mama

Wiki iliyopita mume wangu alinisaidia kazi, na mpaka leo sijamsamehe vizuri. Nilikuwa nimechemsha chupa kumi na nne za ngano ya kuoteshea mbegu za uyoga, nikazipanga mezani zipoe, nikatoka mara moja kwenda sokoni hapa Mbalizi kutafuta spiriti. Niliporudi nikakuta dirisha la jikoni liko wazi, upepo unaingia, na chupa zote kumi na nne ziko midomo wazi. Vizibo vya pamba alikuwa amevipanga kwenye sahani, kimoja kimoja, kwa unadhifu ambao huwa siuoni kwenye soksi zake. Akaniambia ameona zinatoa jasho kwa ndani, akaona azisaidie zipoe. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja kushukuriwa.

Nilianza kugomba. Nilimwambia kazi ya siku mbili imekwenda na maji, kwamba ngano ikishachemshwa namna ile haina kinga, kwamba kila kinachoelea kwenye hewa ya jikoni kwetu sasa kimeshakaribishwa mle ndani na kupewa chakula. Nilikuwa bado na maneno mengi ya kusema. Ndipo harufu ikanifikia, ile ya ngano iliyoiva ambayo haijapoa sawasawa, ikichanganyika na harufu ya pamba iliyopigwa na mvuke. Niliona mikono ya Bibi, mama yake baba yangu, ikitoa vizibo vya pamba kwenye chupa za mama, kimoja kimoja, bila haraka.

Nikakaa chini. Mume wangu alidhani nimechoka kugomba, akaondoka polepole kabla sijaanza tena. Mimi nilikuwa nahesabu miaka. Kwa muda wote huo nilikuwa nalijua jambo hili na sikuwahi kulitambua, na kuna mtu mmoja Igowole aliyebadili maisha yake kwa sababu sikulisema.

Igowole ninayoikumbuka ni ukungu asubuhi, moshi wa mabanzi ya paini, na mama akiwa amevaa sweta mbili. Mama ni mtu wa Rujewa, kule bondeni kwenye mpunga na joto. Alipoolewa akaletwa huku juu, kwenye nyumba ya mama mkwe wake, akakutana na baridi ambayo hakuwahi kuielewa. Alivaa soksi na kandambili. Alishindwa kuwasha moto kwa kuni mbichi, kazi ambayo mtoto yeyote wa kwetu aliifanya akiwa anaongea mambo mengine. Bibi hakuwahi kumtukana kwa hilo. Alikuwa anakuja tu, anamsogeza kidogo kwa kiwiko, anapuliza mara mbili, moto unawaka, anaondoka. Nadhani matusi yangekuwa nafuu.

Hawakuwa na ugomvi, hao wawili. Waliheshimiana mno, mpaka ikawa tabu. Neno likitoka kwa Bibi kwenda kwa mama lilipitia kwangu, hata wakiwa wamekaa chumba kimoja. "Mwambie mama yako chumvi imeisha." Nami namgeukia mama, aliyekwisha kusikia, namwambia chumvi imeisha. Mama anajibu, "Mwambie bibi yako nimesikia." Nilidhani nyumba zote ziko hivyo. Nilijiona mtu wa maana kwa kazi hiyo.

Bibi alikuwa ameshika sifa ya nafaka katika kijiji kizima. Kabla sijazaliwa alikuwa mpikaji wa komoni, pombe yetu ya mahindi, na watu walitoka vijiji vya mbali kuifuata. Baadaye akaacha, akaingia kwaya ya kina mama kanisani, na habari za pombe hakutaka zitajwe. Lakini mikono haikuacha. Akishika mahindi aliyajua umri wake. Akipita karibu na sufuria ya kande alijua kwa harufu kama kesho yatakuwa yamechacha.

Sasa, kikundi cha kina mama wa jirani kilikuwa kimejenga banda la uyoga. Walikuwa wakinunua mbegu kwa mtu mmoja wa Mbalizi, zinakuja na basi, zinafika zimechemka njiani na nusu yake zimekufa. Wakaamua mmoja wao ajifunze kuzitengeneza. Wakamchagua mama kwa sababu alimaliza kidato cha nne na mwandiko wake ulisomeka. Akaenda Mbeya siku nne kwenye mafunzo, akarudi na daftari lenye michoro na chupa moja ya mbegu mama, ile mbegu ya kwanza inayozaa nyingine, ameifunga ndani ya sweta yake. Yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka kwa baridi. Kuanzia siku hiyo watu walipopita nyumbani walimuulizia yeye. Hawakumuulizia mke wa fulani wala mkwe wa fulani. Nilikuwa na miaka tisa, lakini hata mimi niliona kwamba anatembea vingine.

Mara ya kwanza akaharibu. Chupa zilitoka kwenye pipa la kuchemshia, akashindwa kusubiri, akatia mbegu zikiwa bado za moto, mbegu zikaiva pamoja na ngano. Mara ya pili mvua ilinyesha, mabanzi yakalowa, moto ukafa katikati, na baada ya siku chache chupa zikanuka kama maziwa yaliyosahauliwa. Mama Upendo, mwenyekiti wa kikundi, akaja nyumbani. Alikunywa chai, akauliza hali za wote, akasifu maharage yetu shambani, kisha akasema kina mama wamekaa, wamekubaliana wachange kuni na ngano mara moja tu tena. Zikiharibika watarudi kununua Mbalizi, na mama atakaa kwenye kikundi kama wenzake wengine. Alisema kwa upole sana. Mama aliitikia kila neno kwa "sawa, dada" huku akizungusha kikombe kisicho na chai.

Ile mara ya tatu sitaisahau. Mama aliloweka ngano Ijumaa. Jumamosi alfajiri akaichemsha mpaka ikalainika bila kupasuka, akaitandaza juu ya turubai ikauke maji ya juu, akachanganya chokaa kidogo. Tukajaza chupa arobaini za kioo, kila moja ibaki na nafasi juu. Mimi nilikuwa mkata pamba. Kila chupa ilizibwa kwa pamba, juu yake gazeti, juu yake kipande cha mpira wa baiskeli. Tukazipanga kwenye pipa, chini yake mawe na maji, juu yake gunia na jiwe zito. Moto ukawaka tangu asubuhi mpaka jua linazama, na mama hakuondoka pale hata mara moja. Alikula akiwa amesimama. Kuni zilikuwa kavu, alizikagua banzi kwa banzi. Usiku pipa likaachwa limefunikwa hivyo hivyo.

Ilikuwa kazi safi. Nimeichemsha ngano mara nyingi tangu nijifunze mwenyewe, na nasema hivi kwa hasira kabisa: sijawahi kuifanya vizuri kama mama alivyoifanya Jumamosi ile.

Jumapili asubuhi akazitoa, bado za moto, akazipeleka stoo, chumba kidogo alichokuwa amekisugua kwa maji ya dawa mpaka kikanuka hospitali. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, zikipoa hadi ukizigusa husikii joto, ndipo tutie mbegu. La pili, mle ndani ya chupa sasa hakuna kitu kilicho hai, na pumzi ya mtu tu inaweza kuharibu. Hilo la pili lilinitisha kwa sababu zangu. Nilikuwa na gego bovu, na pumzi yangu ilikuwa na harufu ambayo darasani walikuwa wameshaitungia wimbo. Nikajua kwamba kama kuna pumzi duniani inayoweza kuharibu ngano, ni yangu.

Kisha ukaja msiba. Jirani yetu wa ng'ambo ya bonde alikuwa anazikwa siku hiyo, na mkwe wa kutoka Rujewa hawezi kukosa mazishi kwa sababu ya chupa. Mama akavaa kitenge, akaniweka kwenye kigoda mlangoni pa stoo.

"Asiingie mtu," akaniambia. "Hata kuku. Na wewe usifungue."

Bibi hakwenda mazikoni, mguu ulikuwa unamsumbua. Haikupita muda akaja akichechemea, akauliza ninalinda nini. Nikamwambia mama kasema asiingie mtu.

"Mtu nani?" akauliza. "Hicho chumba nilikandika mimi udongo wake."

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na huyu ndiye aliyenifundisha kupiga goti ninaposalimia. Nikasogeza kigoda. Lakini hakuingia mara moja. Alikwenda kwanza kunawa mikono kwa sabuni, hadi viwiko, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Akarudi, akainama juu ya zile chupa, akaona jasho limejaa kwenye kioo kwa ndani, akasonya kwa huruma.

"Masikini mama yako," akasema. "Nafaka iliyopikwa haifungiwi hivi. Itachacha yote."

Na kwa mambo yote aliyoyajua maishani mwake, alikuwa sahihi. Kande ukiyafunika yakiwa ya moto, kesho unayamwaga. Komoni usipoiacha wazi ipoe kabla ya kutia kimea, umekula hasara. Mwanamke wa kwetu anayejua kazi hupooza nafaka wazi, kwa upepo, na anayefunika ni yule ambaye hakufundishwa na mama yake. Bibi alikuwa ameliona pengo hilo kwa mkwe wake tangu siku ya kwanza, kwenye moto, kwenye kuni, na sasa kwenye ngano. Akavuta kigoda changu, akakaa, akaanza kufungua. Mipira aliiweka upande, magazeti upande, pamba alizipanga kwenye khanga safi. Chupa arobaini. Alipomaliza akaniambia nilete ungo.

Alizipepea. Alizipepea kwa ungo wa unga, kwa mkono wa mpikaji wa miaka mingi, upepo ukienda na kurudi juu ya midomo arobaini iliyo wazi, na mimi nilisimama pale nikifurahia kwamba mama akirudi atakuta kazi imeendelea. Nikasogea nione. Bibi akadokoa punje chache kutoka kwenye chupa iliyokuwa karibu, akatafuna, akakubali kwa kichwa, kisha akanitia nyingine mdomoni. Zilikuwa tamu. Nilikuwa nimefungua mdomo wangu mbovu hatua moja kutoka kwenye chupa za mama, na nilipokumbuka lile suala la pumzi nilikuwa nimeshameza.

Zilipopoa akarudisha kila kitu. Pamba, gazeti, mpira, kwa unadhifu kuliko nilivyokuwa nimefanya mimi. Akasimama kwa tabu, akanishika bega.

"Usimwambie mama yako nimeingia," akasema. "Ataona aibu kwamba hakujua."

Hivyo ndivyo siri ilivyotunzwa, kwa kumwonea mama huruma.

Mama alirudi, akagusa chupa, akafurahi. Zimepoa vizuri, akaniambia, umelinda vizuri. Akawasha taa ya spiriti, akapitisha kijiko kwenye moto, akatia mbegu chupa hadi chupa huku amebana pumzi, na kila baada ya chupa tano anageuka pembeni kuhema. Siku zilizofuata alikuwa anaingia stoo asubuhi na jioni. Siku ya nne aliniita nione nyuzi nyeupe zimeanza kutambaa kwenye ngano, nyembamba sana. Alinishika mkono tukiwa tunaangalia. Siku ya sita ukungu wa kijani ukatokea kwenye chupa tatu. Siku ya nane ulikuwa kwenye karibu zote.

Alikaa na daftari lake, akapitia ukurasa kwa ukurasa. Nakumbuka alisema peke yake, mara kadhaa, kwamba unaanzia juu, kwa nini unaanzia juu. Leo hii ningemjibu. Uchafu uliobaki kwa sababu ya kutochemsha vya kutosha huibuka popote ndani ya chupa, na unaoanzia juu umeingilia mdomoni. Siku nne za mafunzo hazikufika kwenye ukurasa huo. Akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba hakuchemsha vya kutosha, akapiga mstari chini yake.

Mimi nilikuwa nakufa kwa woga. Nililijua kosa, na kosa lilikuwa gego langu. Bibi hakuingia hata kidogo kwenye hesabu zangu, maana Bibi alikuwa amesaidia. Nilifunga gego kwa uzi wa kushonea, ncha nyingine nikaifunga kwenye mlango wa stoo, nikausukuma mlango kwa mguu. Nilimpelekea mama likiwa kwenye kiganja, lina damu, nikamwambia, "Mama, ni jino hili ndilo lililoharibu. Nimeshalitoa."

Alilichukua. "Si jino lako, Faraja," akasema. "Ni mimi." Akaanza kulia, na mimi nikadhani analia kwa sababu nimelitoa bila ruhusa.

Chupa zilimwagwa kwenye shimo la taka nyuma ya choo. Mama Upendo alikuja tena, akanywa chai tena. Baada ya siku mbili Bibi akanituma. "Mwambie mama yako pole. Nafaka ni kazi ngumu, hata mimi iliwahi kunichachia." Nilipeleka neno kwa neno, kama kawaida yangu. Mama alikuwa anamenya viazi. Aliacha kumenya, akaniuliza kama Bibi amesema hivyo kweli, nikasema ndiyo. Akasema sawa. Kwa sauti aliyoisema ile sawa, hata mimi mjumbe nilijua ile pole imepokewa kama kejeli. Miezi mingi ikapita wasiambiane hata habari ya chumvi.

Mama hakugusa tena mbegu. Bibi aliugua nikiwa kidato cha pili, na mama ndiye aliyemwogesha na kumlisha hadi mwisho, kwa heshima ile ile na maneno machache yale yale. Kama Bibi alikuwa na lolote la kusema kuhusu chupa, mjumbe wao alikuwa bwenini.

Basi juzi, baada ya kumaliza kumnunia mume wangu, nilimpigia mama simu. Tulisalimiana kwa kirefu, kamwene ya kwetu, hali ya magoti yake, mahindi, ukungu wa wiki nzima. Nilikuwa nimeshaipanga habari yenyewe kama kichekesho: ungo, punje tamu, gego langu mlangoni. Niliisimulia hivyo, nikacheka mahali pa kuchekea. Mama hakucheka; nyuma yake jogoo aliwika.

"Alizifungua zote?" akauliza.

"Zote, mama."

"Akazipepea?"

Nikasema ndiyo, kwa ungo. Akavuta pumzi. "Kwa hiyo nilichemsha sawa," akasema. Nikamwambia ulichemsha sawasawa kabisa, mama, mimi mwenyewe siwezi kama wewe. Hakunisikiliza. Akarudia tena polepole kwamba alichemsha sawa. Kisha akaniuliza nilikuwa na miaka mingapi siku ile. Nikamwambia tisa. Akasema mtoto wa miaka tisa anajua kuongea. Nilikasirika, maana nilikuwa nimempigia kwa nia njema na sikutegemea kesi, halafu hasira ikakosa pa kushika kwa kuwa alikuwa anasema kweli.

Nikajaribu kurekebisha. Nikasema yamepita, Bibi naye alikuwa na nia njema, wote mlikuwa na nia njema. Mama akaniacha nimalize. Ndipo akanihesabia, bila kupandisha sauti, vitu ambavyo sikuwahi kuvijua. Waliwahi kumtaka awe katibu wa kikundi, akakataa. Waliwahi kumpa nafasi ya kujifunza ushonaji Mafinga, akampa mwenzake. Walimwita tena Mbeya kwenye mafunzo mengine ya uyoga, akasema anaumwa. Kila mara alijiambia kwamba mikono yake haiwezi kitu kinachohitaji usahihi, na ushahidi alikuwa nao, umeandikwa kwa kalamu nyekundu.

"Ningejua nisingeacha, Faraja," akasema, akakata simu bila kuniaga.